Mwenye Kofia wa Rongai

Nilipaswa kukataa. Neno lenyewe ni fupi, na kinywa changu kilikuwa wazi tayari, ila ndani yake kulikuwa na chapati ya jirani yangu, na si rahisi kumkatalia mtu huku unatafuna chakula chake. Nikaitikia kwa kichwa. Hivyo ndivyo nilivyompa mtu nisiyemjua kazi ya kuwa baba wa jirani. Kazi hiyo ikampeleka Mau Narok na Ndabibi, akapandishwa cheo kila alikofika, mpaka ikawa hakuna njia ya kumrudisha alikotoka.

Jirani huyo ni mama mjane wa nyumba ya pili kutoka kwangu, hapa pembeni mwa mji wa Nakuru. Mama yake mzazi alikuwa amefariki, na kamati ya mazishi ilitaka picha za kijitabu, kile wanachogawiwa waombolezaji, chenye wasifu wa marehemu na nyimbo. Picha ya mama ilikuwepo. Kamati ikaamua kwamba jalada litapendeza zaidi likiwa na mume na mke, wamekutana tena. Shida ni kwamba baba yake alikufa zamani bila kupigwa picha hata moja.

“Wananiuliza baba yuko wapi,” akaniambia, akiniongezea chapati. “Nitawaambia nini? Kwamba nilianguliwa kama kifaranga?”

“Waambie ukweli. Hakupigwa picha.”

“Ukweli hauingii kwa jalada. Wewe mzee una picha sanduku nzima. Hukosi mmoja anafanana naye.”

“Wewe mwenyewe unaikumbuka sura yake?”

“Sikumbuki. Ndiyo maana nasema hukosi.”

Sanduku hilo la bati ndilo mali yangu. Nilipostaafu ukarani wa ghala la nafaka nilianza kukusanya picha za zamani za watu wa huku kwetu: za mashamba ya walowezi, za ubatizo, za studio za mjini zilizokuwa na pazia lililochorwa maua na kiti kimoja ambacho nusu ya Nakuru imekikalia. Moja niliikuta imeziba tundu la banda la kuku. Kumi na mbili zilitoka kwa mjane wa mpiga picha. Zilikuwa za wateja ambao hawakurudi kuzichukua, naye alikuwa akizitumia kuwekea sufuria ya moto, kwa hiyo wateja wale wote wana duara jeusi kifuani.

Nilikuwa na sheria moja, na niliipenda kuliko hata picha zenyewe. Sikuandika jina nyuma ya picha mpaka watu wawili wasiojuana, kila mmoja peke yake, waniambie jina lilelile. Mtu mmoja hatoshi. Ukimwonyesha mzee picha sokoni, anataka kukufurahisha. Atakupa jina hata kama ni picha ya ng'ombe. Wawili wakikubaliana bila kuonana, hapo ndipo nilipoandika, tena kwa penseli, kwa sababu wino hupenya.

Watu walidhani napenda historia. Mimi nilikuwa namtafuta mtu mmoja. Baba yangu alifanya kazi kwenye shamba la ngano upande wa Rongai, akafa nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama alituachia habari moja tu: siku kombaini mpya, mashine ya kuvunia ngano, ilipofika shambani, mzungu aliwapanga wafanyakazi mbele yake akawapiga picha, na baba alisimama karibu na gurudumu. Mama hakuwahi kuiona picha hiyo. Alipofariki, duniani akabaki mtu mmoja tu aliyeujua uso wa baba, naye ni dada yangu, aliyekuwa na miaka tisa msiba ulipotupata. Aliishi Ndabibi na mbuzi wake. Kila picha ya Rongai niliyoipata nilimpelekea yeye kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliitazama kama anayechagua mawe kwenye maharagwe, akasema, “Hayuko,” akanirudishia.

Wiki mbili kabla ya chapati zile, niliipata. Fundi mmoja mzee wa matrekta pale Rongai alikuwa ameitandika chini ya sanduku lake la spana. Nikampa thamosi yangu, ikiwa na chai ndani, naye akanipa picha. Wanaume ishirini na mmoja, kombaini nyuma yao, na karibu na gurudumu wanaume wanne. Lakini mvua ilikuwa imeharibu barabara ya Ndabibi, nikasema nitaenda ikikauka. Nilikuwa nimengoja zaidi ya miaka sabini. Niliona wiki mbili si kitu.

Ndiyo maana picha hiyo ilikuwa juu kabisa nilipolifungua sanduku mbele ya jirani. Alianza na nyingine.

“Huyu je?”

“Huyo ana jina nyuma.”

“Na huyu?”

“Huyo mjukuu wake anauza viazi hapa sokoni. Atamtambua kabla jeneza halijashuka.”

Akaichukua ile ya kombaini, akaweka kidole kando ya gurudumu, juu ya mtu wa pili. Mtu huyo alikuwa na kofia pana iliyomfunika nusu ya uso, na nusu iliyobaki, kidevu na mdomo, ilikuwa ya mtu yeyote.

“Huyu hana jina.”

“Bado,” nikasema.

“Basi ako huru.”

Ningeweza kumwambia kwamba mmoja wa wanne wale ni baba yangu. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu. Niliona haya, mzee mzima mwenye mvi, kusema namtafuta baba. Nikaitikia kwa kichwa.

Tukaenda kwa mama mmoja mwenye saiba, duka la kompyuta kule wanakochapa vijitabu. Akamkata mwenye kofia kutoka kwa wenzake, akamkuza mpaka akajaa kwenye kompyuta, akashika shavu.

“Mzee, shati ya huyu imeraruka. Nimvalishe suti?”

“Alikuwa mfanyakazi wa shamba.”

“Saa hii ni marehemu. Marehemu wote wa hapa kwangu wanavaa suti.”

Akamvalisha ya bluu, na tai nyekundu. Akajaribu pia kumvua kofia, ikashindikana. Chini ya kofia hapakuwa na kichwa, palikuwa na kivuli tu, na mama wa saiba alisema kivuli hakichapiki vizuri.

Siku ya mazishi, picha yake ikiwa kwenye fremu ilitangulia jeneza, imebebwa na mjukuu aliyelia machozi ya kweli. Hilo lilinisumbua kidogo. Kilichonisumbua zaidi ni mzee mmoja wa kamati aliyesimama kutoa ushuhuda. Akaitazama fremu, akatikisa kichwa kwa huzuni. “Huyu namkumbuka vizuri sana,” akasema. “Alikuwa mpole kwa watu lakini mkali kwa maksai. Na kofia hii hakuivua hata kanisani.” Watu wakacheka wakilia. Jirani akanishika mkono, akaninong'oneza, “Unaona? Nilikwambia hukosi.”

Nilikuwa nimeshuhudia mtu akikumbukwa ambaye hakuwahi kuwepo. Ningekuwa na akili ningelifunga sanduku siku hiyo. Badala yake nilirudi nyumbani nikijiona mtu mwema.

Baada ya mwezi akaja mkulima wa viazi kutoka Mau Narok, mtu mkubwa mwenye sauti kubwa zaidi. Alikuwa akijenga sebule mpya, na ukuta mmoja ulikuwa mtupu. Baba yake alikuwa askari wa zamani, na hakuacha picha. Nilimwonyesha picha ya kombaini, nikimwelekeza kwa watu wa mbali na gurudumu. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwa mwenye kofia.

“Huyo ameshachukuliwa,” nikasema.

“Amechukuliwa na nani? Si amekufa?”

“Yuko Nakuru.”

“Mimi niko Mau Narok. Watakutana wapi?”

Mama wa saiba akamvalisha koti la askari na vifungo vinavyong'aa. Kofia ilibaki ileile. Akasema askari wa zamani walikuwa na uhuru.

Wa tatu walitoka Ndabibi. Familia ya mzee wa kanisa aliyekuwa amefariki, ambaye picha yake ya pekee ilikuwa imeliwa na mchwa kuanzia nyusi kwenda juu. Walikuwa na kidevu tu. Waliniletea kidevu hicho kwenye bahasha, tukakilinganisha na cha mwenye kofia, na wote wakakubali kwamba ni kilekile. Akavalishwa kanzu ya kanisa, akapewa kitabu cha nyimbo mkononi. Nilijua dada yangu anaishi huko. Nilijiambia Ndabibi ni kubwa.

Barabara ilikuwa imekauka zamani. Sikwenda. Kila nilipoitoa ile picha ili nimpelekee dada, nilimwona mwenye kofia akinitazama kutoka chini ya ukingo wa kofia yake kama mtu aliyechoka na safari. Ningemwambia nini dada? Huyu hapa, akiwa ndiye, nimeshamgawa mara tatu? Nikasema nitangoja watu wasahau. Nilingoja karibu mwaka mzima. Uvivu wa mtu mwenye aibu hauna mfano.

Kisha kijana wa jirani yangu akapata mchumba. Mchumba alikuwa binti wa mkulima wa viazi wa Mau Narok.

Nilipewa heshima ya kuwa mmoja wa wazee waliokwenda kujitambulisha kwao. Tulipoingia sebuleni niliwaomba wenzangu tukae upande ule mwingine, ambako jua haliwaki machoni. Hapakuwa na jua. Mau Narok ilikuwa na ukungu, na tulivaa makoti. Msemaji wetu, shemeji yake jirani, akaketi akitazamana na ukuta. Akainua kikombe cha chai. Kikombe hakikufika mdomoni.

“Samahani, mwenyeji wetu. Yule pale ni nani?”

“Ni baba yangu mzazi,” akasema mkulima wa viazi. “Askari.”

“Yule ni baba wa huyu mama yetu,” akasema msemaji, akimwonyesha jirani. “Ninamjua kwa kofia. Nimembeba kwa fremu mimi mwenyewe nilipompokea mjukuu alipochoka.”

Wazee wa pande zote mbili wakainuka, wakaenda ukutani. Walimkagua kama ng'ombe wa mnada. Mmoja akasema kidevu ni kimoja. Mwingine akasema mdomo pia. Kisha mzee mmoja wa upande wa binti akalitatua jambo lote.

“Si mnajua mashamba ya wazungu yalivyokuwa? Mtu anafanya kazi Rongai, ana boma huko. Msimu ukiisha anakuja huku, ana boma lingine. Huyu mzee alikuwa na nyumba mbili!”

Jirani yangu akaweka mkono kinywani. Mkulima wa viazi akamtazama, machozi yakamtoka, akasema, “Dada yangu!” Wakakumbatiana. Akina mama wakapiga vigelegele kutoka jikoni bila kujua ni vya nini. Mkulima akaanza kusimulia jinsi baba alivyokuwa akiondoka nyumbani miezi mingi bila kusema anakwenda wapi, na jirani akasimulia jinsi mama yake alivyokuwa akikaa njiani akimngoja. Kila kitu kikashikana. Sijawahi kuona uongo ukipata ndugu haraka namna hiyo.

Ndipo yule mzee mwerevu akakohoa. “Lakini kama hawa ni ndugu, basi watoto ni ndugu pia. Ukoo mmoja hauoani. Turudishane zawadi.”

Binti akalia jikoni. Kijana wetu akatoka nje, akasimama kwenye ukungu kati ya mbuzi wawili tuliokuwa tumewaleta, na wote watatu walikuwa na sura ileile.

Nikasimama. Nikaeleza kila kitu, kuanzia thamosi ya chai. Nilipomaliza, mkulima wa viazi alinitazama kwa chuki.

“Mzee, usinivunjie familia.”

“Ulimchagua mwenyewe kwangu, kwa kidole chako!”

“Nilimchagua kwa sababu damu ilinivuta.”

“Hata mimi,” akasema jirani. “Kwani wewe unadhani kidole kinajipeleka?”

Wazee wakaamua kwamba neno langu peke yangu halitoshi. Nilijua, maana ilikuwa sheria yangu mwenyewe, ikinirudia. Walitaka shahidi wa pili, mtu aliyeishi kwenye shamba lile, aseme mwenye kofia alikuwa nani hasa. Walinipa wiki mbili.

Alikuwepo mmoja tu. Nikaenda Ndabibi na picha nzima ya kombaini ndani ya gazeti.

Dada alikuwa akikamua mbuzi. “Umekonda,” akasema. “Kijana wa mama, umekuja kunizika ama kunisalimia?” Nilimwambia nimepata ile picha, ile ya kombaini. Akamwacha mbuzi na maziwa yake. Akanawa mikono, akakausha kwa leso, akaketi mlangoni penye mwanga. Sikumwambia lolote jingine. Sheria.

Hakupita kwenye nyuso zote kama kawaida yake. Kidole chake kilikwenda kando ya gurudumu, juu ya mtu wa pili.

“Huyu ninamjua,” akasema.

“Ni nani?”

Akaisogeza picha karibu na macho, akaisogeza mbali. Nikaona uso wake ukibadilika polepole.

“Alikuwa kwa fremu,” akasema. “Pale mbele ya kanisa letu, tulipomzika yule mzee wa kanisa. Nilimwangalia ibada nzima, nikawa najiuliza mbona namjua, na yule mzee mwenyewe sikuwa nimezoeana naye. Alikuwa na kanzu.” Akagusa kidevu cha mtu yule. “Halafu yule mama wa Nakuru, jirani yako, wakati wa matanga si alinitumia kijitabu? Nimekiweka ndani ya Biblia. Namwona kila siku nikifungua.”

“Na kabla ya hapo, dada? Ukiwa mtoto?”

Mbuzi akapiga ndoo teke, hakugeuka.

“Sijui,” akasema. “Nikifunga macho nimtafute baba, sasa anakuja huyu. Lakini anakuja na suti.” Akanitazama. “Ungeniletea mimi kwanza. Kwa nini hukuniletea kwanza?”

Nilimweleza. Hakunilaumu tena baada ya hapo, na ningefurahi kama angenilaumu. Aliniuliza tu kama chapati zilikuwa tamu.

Nikarudi Mau Narok bila shahidi. Wazee, ambao nadhani walikuwa wamechoka kumwona binti akilia, wakapata njia. Walisema aliyemtoa mtu ndiye awezaye kumrudisha. Nilete kondoo dume, achinjwe, watu wale, kisha nisimame mbele ya wote, nimtaje yule mtu na kumwondoa katika kila nyumba niliyomweka, ili ukoo utenguke na watoto waoane. Kondoo nilimleta. Walimla. Fremu ikateremshwa ukutani, nikapewa niishike kifuani.

“Sema,” akaniamuru yule mzee mwerevu. “Sema huyu si baba wa mtu yeyote aliyeketi hapa.”

Mimi pia nilikuwa nimeketi hapo kabla ya kusimama. Nilikitazama kidevu kile juu ya vifungo vya askari. Nyumbani nina kioo, nanyoa kila asubuhi, na bado sikuweza kusema kama ni changu ama ni cha mtu yeyote.

“Huyu,” nikasema, “si baba wa mtu yeyote aliyeketi hapa.”

Wakapiga makofi. Jirani yangu alilia kidogo, maana ni mara ya pili anampoteza. Mkulima wa viazi alitundika kalenda mahali palipokuwa na fremu. Arusi ilifanyika, ilipendeza, na kijana na mkewe sasa wana mtoto ambaye, Mungu anisamehe, kila anayemwona anasema ana kidevu cha babu.

Dada yangu alifariki mwaka uliofuata. Kwenye kijitabu chake tuliweka picha yake mwenyewe, niliyompiga mimi mlangoni kwake, amemshika mbuzi. Mama wa saiba alitaka kumvalisha suti. Safari hiyo nilikataa. Kinywa changu hakikuwa na kitu ndani yake.

Picha ya kombaini bado ninayo. Nyuma yake hakuna jina. Nilikuwa na shahidi mmoja tu aliyeujua uso wa baba yangu, nami niliichafua kumbukumbu yake kabla ya kumuuliza, kwa kumpa jirani kitu ambacho hakikuwa changu kutoa. Nimeishi zaidi ya miaka sabini bila kuujua uso wa baba yangu, na kwa sababu ya siku ile nitakufa bila kuujua.